Mafumbo ya dama: mtego usioandikwa unazikwa na mwenyewe

Mu miji yetu hakuna mchezo wenye kelele kama dama. Mahali penye ubao, vifuniko vya chupa na kivuli cha muti, watu watasimama. Wawili wanacheza, kumi wanatoa mashauri. «Kula pale!» «Acha, ule ni mtego!» Halafu mzee mmoja aliyekuwa kimya anasogeza kifuniko kimoja mbele, anaacha kiliwe, anaacha na cha pili kiliwe, na mara moja anakula vitano na kuingia dama. Watu wanapiga makofi, ubao unapangwa upya, na ule mtego unakwenda na upepo.

Jambo tunalotaka kusema katika kurasa hizi ni hilo: mtego unakwenda na upepo. Kucheza dama na kusoma dama ni vitu viwili tofauti. Kucheza tunajua sana. Kusoma, maana yake kukaa mbele ya fumbo moja lililopangwa, kulitafuta mpaka kulifungua, na kuliandika ili mwingine alitafute, hiyo tumeiacha. Watu walioiandika mitego yao, majina yao yanatajwa mpaka leo. Wetu ambao hawakuandika, tunawasahau kabla nyasi haijaota juu ya kaburi.

1. Ubao wa nyumba 100

Wengi wanadhani dama ni mchezo wa babu zetu, juu waliukuta kwa wazee. Babu zetu walikuwa na michezo yao ya mashimo, kama ule unaoitwa kisolo, wenye hesabu kali. Lakini dama ilitufikia kwa njia ya Kifaransa, na maneno yenyewe ni mashahidi. Tunasema dama, tunasema damie, tunasema kusufle. Hakuna hata moja lililotoka katika lugha za mababu.

Ulaya yenyewe haikuwa na dama moja. Waingereza walibaki na ubao wa nyumba 64, kila mtu na kete 12. Mjini Paris, mwanzoni mwa karne ya 18, ulienea ubao wa nyumba 100, kila mtu na kete 20, na Wafaransa wakauita dama ya Kipolandi. Ndio huu tunaoucheza sisi, na ndio unaochezwa Senegal, Mali, Cameroon, Côte d'Ivoire, Uholanzi na Urusi katika mashindano ya dunia.

Mtu aliyeufanya mchezo huu uwe elimu hakuwa profesa. Alikuwa mwenye nyumba ya kahawa mjini Paris, jina lake Manoury. Wachezaji walikuwa wakikutana kwake, wakinywa na kucheza, kama vile kwetu wanavyokutana karibu na garaji au mu nganda. Lakini Manoury alishika kalamu. Mwaka wa 1770 alitoa kitabu cha kwanza juu ya mchezo huu, na mwaka wa 1787 akatoa kingine kilicho kikubwa zaidi. Mjini Amsterdam, Ephraim van Embden naye alitoa kitabu chake mwaka wa 1785. Katika vitabu hivyo mna mafumbo, na mafumbo hayo bado yanaweza kupangwa kesho asubuhi na kijana wa Katuba au wa Kadutu, kete kwa kete, kama yalivyokuwa zaidi ya miaka 200 iliyopita.

2. Namba 50 zinazofanya kazi ya herufi

Iliwezekana namna gani? Kwa namba. Katika nyumba 100 za ubao, tunachezea zile 50 nyeusi tu. Namna ya kuzihesabu inayotumika hadi leo inaitwa kwa jina la Manoury. Kaa upande wa nyeupe, kona ya chini ya kushoto iwe nyumba nyeusi. Anza mstari wa juu kabisa, ule wa mwenye nyeusi, ukihesabu toka kushoto kwenda kuume: 1, 2, 3, 4, 5. Mstari wa pili ni 6 hadi 10. Endelea hivyo, kila mstari nyumba 5, mpaka mstari wa chini, 46 hadi 50. Mchezo ukianza, nyeusi zinakaa 1 hadi 20, nyeupe zinakaa 31 hadi 50.

Kete ikitoka 32 kwenda 28, tunaandika 32-28. Ikila, tunaweka alama ya x katikati: 18x27. Ni hayo tu. Mtoto wa kalasi ya tatu anaweza kujifunza kwa nusu saa. Lakini kwa alama hizo chache, wazo la mtu linatoka kichwani mwake na kuvuka bahari na miaka bila kuharibika.

3. Fumbo dogo la kujaribu

Kabla ya kwenda mbele, tukumbushane sheria ambazo fumbo linazitegemea. Kula ni lazima. Ukiwa na njia mbili za kula, ni lazima ushike ile inayokula kete nyingi zaidi. Kete ya kawaida inatembea mbele tu, lakini inaweza kula mbele na nyuma. Na kete zilizoliwa zinatolewa ubaoni mwisho, mkono ukishamaliza safari yake yote.

Sasa tupange fumbo dogo. Tumelitunga kwa ajili ya kurasa hizi, ili msomaji asiyezoea apate pa kuanzia.

Nyeupe: 27, 28, 32, 38.
Nyeusi: 8, 16, 17, 18, 20.
Nyeupe inacheza na kushinda.

Chukua ubao, panga. Usisome mbele kwanza.

Mtu mwenye mazoea ataona upesi kwamba nyumba ya 22 ina utamu. Kete nyeupe ikiingia pale inajitoa iliwe, na baadaye kunaweza kuwa na malipo. Lakini kete mbili zinaweza kwenda 22: ile ya 27 na ile ya 28. Ipi iende? Hapo njo fumbo liko.

Mwenye haraka atacheza 28-22. Nyeusi ya 17 inaruka 22 na kutua 28, nyumba iliyoachwa wazi. Haikomei pale: toka 28 inaruka 32 na kutua 37. Nyeupe imepoteza kete mbili, haina cha kulipiza, na nyeusi inakaribia kuingia dama. Mchezo umekwisha vibaya.

Mwenye kusoma atacheza 27-22. Sasa 17 haiwezi kula, kwa sababu 28 bado imekaliwa. Ni 18 peke yake inayoweza kula, tena inalazimishwa: 18x27. Je, ikifika 27 itaendelea kwa kuruka 32? Hapana, juu 38 iko na mlinzi. Inasimama pale. Ndipo kete ya 32 inaamka: inaruka 27 na kutua 21, inaruka 17 na kutua 12, inaruka 8 na kutua 3. Imekula tatu na imekuwa dama. Nyeusi imebaki na 16 na 20, na toka 3 dama inaiona ile ya 20 moja kwa moja. Nyeusi ikisogeza 16 kwenda 21, inazidi kujitia mdomoni.

Tazama vizuri kilichotendeka. Nyumba ni ileile, 22. Tofauti ni nani aliyetumwa. Kete ya 28 haikusogea hata mara moja, lakini bila yake mtego unavunjika. Kete ya 38 nayo haikusogea, lakini bila yake 18 ingekula mbili. Wazee wanasema mu dama hakuna kete ya bure. Kwa kucheza tu utalisikia neno hilo miaka na miaka. Kwa fumbo moja utaliona kwa macho.

4. Kusufle kunaua mafumbo

Hapa lazima tuongee juu ya desturi moja ya mitaa yetu. Sehemu nyingi bado wanacheza kwa kusufle: mtu akiacha kula, mwenzake anaondoa kete iliyopaswa kula, kisha anacheza zamu yake kama kawaida. Wazee wanaipenda kwa sababu inaadhibu usingizi. Desturi hiyo ilitoka Ufaransa ya zamani. Katika sheria za mashindano ya dunia haiko tena. Mtu akisahau kula, anarudishwa ale.

Wengine watauliza: tofauti iko wapi? Rudi kwenye fumbo letu. Nyeupe imecheza 27-22. Kama tunasufle, mwenye nyeusi mjanja atakataa kula. Atasogeza kete nyingine, atasufliwa ile ya 18, na maneno yamekwisha. Amepoteza moja mahali pa tatu, tena dama haikuingia. Mtego mzima umeanguka kwa sababu yule mtu alikuwa na mlango wa kutokea.

Fumbo linasimama juu ya neno «lazima». Ukiondoa lazima, unabaki na mchezo wa kuviziana. Njo maana kijana anayejua kusufle tu, ukimuwekea mafumbo ya vitabu, anaona ni uongo: «Lakini mimi siwezi kula pale!» Hakukosa akili. Amekosa sheria. Kwa hiyo wale wanaotaka kufundisha vijana dama ya kusoma, waanze na jambo hili, hata kama wazee watanung'unika kidogo.

5. Ginsi ya kusoma fumbo

Kuna watu wanaofungua fumbo kwa kujaribu kila kete mpaka moja ijibu. Wanapoteza wakati, na wakifaulu hawajui kwa nini. Njia nzuri ni kuanzia mwisho. Jiulize kwanza: ni kete ipi ya adui imekaa vibaya, nyuma yake pana nyumba wazi? Katika fumbo letu, 17 na 8 zina nyumba wazi nyuma yake, na ziko katika safari moja inayoishia 3. Pili: ni kete yangu ipi inaweza kushika safari hiyo, na inakosa nini? Ile ya 32 inakosa kitu cha kurukia kwenye 27. Tatu: nitamlazimisha nani aje kusimama pale? Ni 18, na chakula chake kitakuwa 22. Nne: ana njia nyingine ya kula? Swali hili la nne ndilo linalosahauliwa, na ndilo lingemwokoa yule aliyecheza 28-22.

Maswali hayo manne yanatosha kwa mafumbo mengi, hata yale yenye kete ishirini. Kinachobadilika ni urefu wa hesabu.

Ukizoea, utakutana na mitego ambayo imekuwa maarufu hata ikapewa majina. Mmoja wapo ni mtego wa Kituruki. Hapo unaiachia dama ya adui ile kete zako nyingi, hata nne au tano, na watazamaji wanakucheka. Lakini kumbuka: kete zilizoliwa zinakaa ubaoni mpaka mkono umalize, na hairuhusiwi kuruka kete moja mara mbili. Kwa hiyo ile dama iliyoshiba inazuiwa na mizoga ya kete ilizokula yenyewe. Inalazimika kusimama mahali usipopenda mwenyewe wala adui mwingine yeyote asingependa kusimama, na kete yako ndogo inaimeza. Asiyejua sheria ile ya kutoa kete mwisho, hawezi kuuelewa mtego huu hata akionyeshwa mara kumi.

6. Waafrika ambao majina yao yamebaki

Mtu asidhani kwamba elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Karibu mwaka wa 1910, Msenegali mmoja, Woldouby, alicheza mjini Paris na mabingwa wa Ufaransa. Bingwa wa dunia wa miaka ile alikuwa Isidore Weiss, mzaliwa wa Strasbourg, ambaye mwenyewe aliacha mafumbo mengi sana. Leo kuna mkao mmoja wa katikati ya ubao ambapo kete za pande mbili zimebanana, hakuna mwenye kupumua, na hesabu ya zamu ndiyo inaamua nani atalazimika kujiua. Mkao huo unaitwa Woldouby. Waholanzi wanausoma, Warusi wanausoma, vitabu vya kufundishia vinautaja kwa jina lake. Sababu ni moja: kete zake ziliandikwa kwa namba.

Msenegali wa pili ni Baba Sy, aliyezaliwa Dagana mwaka wa 1935. Huyu alikuwa mtu wa kuogopwa katika mashindano ya dunia. Mwaka wa 1963 alipaswa kushindana na Iser Kuperman wa Umoja wa Kisovieti juu ya ubingwa wa dunia, lakini mechi haikuchezwa kwa sababu ya mabishano. Baba Sy alikufa katika ajali ya gari mwaka wa 1978. Mwaka wa 1986, miaka minane baada ya kifo chake, shirikisho la dunia, FMJD, lilimtambua kuwa bingwa wa dunia wa mwaka wa 1963. Haki ilichelewa, lakini ilifika. Na ukitaka kujua kama alistahili, huhitaji kumuuliza mtu: michezo yake imeandikwa, panga kete uone.

Shirikisho hilo liliundwa mwaka wa 1947 na inchi nne: Ufaransa, Uholanzi, Uswisi na Ubeljiji, ambao wakati ule ulikuwa ukitutawala. Baadaye mashindano makubwa ya ubingwa wa dunia yalifika Afrika: Bamako mwaka wa 1980, Dakar mwaka wa 1984, Abidjan mwaka wa 1996. Ndugu zetu wa magharibi hawana akili kuliko sisi. Tofauti ni kwamba mapema kabisa walikubali kushika kalamu karibu na ubao.

7. Na mashine?

Vijana wa leo watasema: kwa nini kuumiza kichwa, kompyuta inajua yote. Tujibu kwa utaratibu. Mwaka wa 2007, Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walitangaza kwamba dama ya Waingereza, ile ya nyumba 64, imefunguliwa yote: pande mbili zikicheza bila kukosa, hakuna mshindi. Kazi hiyo iliwachukua karibu miaka 18 na kompyuta nyingi. Lakini ile ni dama ndogo. Ya kwetu, ya nyumba 100, haijafunguliwa. Mashine inacheza vizuri kuliko sisi, ni kweli, lakini neno la mwisho halijasemwa.

Tena, fumbo halikutungwa ili jibu lijulikane tu. Lilitungwa ili anayelitafuta abadilike. Mtoto aliyekaa dakika ishirini mbele ya 27, 28, 32 na 38, akajizuia kucheza 28-22 mpaka aulize «na yeye atakula wapi?», amejifunza kitu ambacho atakihitaji sokoni, mu kazi, na siku atakapotakiwa kutia saini karatasi asiyoielewa.

8. Tufanye nini

Kila komine iko na wazee wake wa dama. Kila mmoja ana mitego miwili au mitatu ambayo hakuisoma popote. Aliipata kwa kufikiri, kwa kupoteza, kwa kukaa usiku akikumbuka mchezo wa mchana. Akifa, watu wanasema «yule mzee alijua», halafu hakuna anayeweza kuonyesha alichojua. Hiyo si hasara ndogo. Ni kama kuzika mtu pamoja na shamba lake.

Dawa yake haihitaji feza nyingi wala msaada wa ng'ambo. Kwanza, namba 1 hadi 50 ziandikwe kwa rangi ndogo kwenye ubao wa kila mtaa. Macho yatazoea yenyewe. Pili, kila kundi la wachezaji liwe na daftari moja. Mchezaji akipiga mtego mzuri, mchezo usimame dakika mbili, kete zirudishwe zilipokuwa, na mtu aandike mambo manne: nyeupe ziko wapi, nyeusi ziko wapi, zamu ni ya nani, na jina la aliyeupiga. Jibu liandikwe ukurasa wa mwisho, mbali, ili atakayefungua daftari atafute kwanza. Tatu, walimu wanaopenda mchezo huu wapange mafumbo mawili kila wiki, wakianzia na yale ya kete chache, bila kusufle.

Wazee wengine watakataa. Watasema mtego ukiandikwa, adui ataujua. Ni kweli, ataujua. Manoury naye aliwapa adui zake mitego yake yote mwaka wa 1770, kwa bei ya kitabu. Hakuna anayekumbuka nani alimshinda katika nyumba yake ya kahawa, lakini namba zake ndizo tulizotumia leo kupanga kete zetu.